Kilomita 400 kwa ndege: kwa nini zaidi ya saa moja?

Ndugu, umeuliza kwa nini ratiba inaonyesha safari ya saa 1 na dakika 10 ilhali viwanja viwili vya ndege vimetengana kwa kilomita 400 tu angani. Ndege ya pangaboi kama ATR 72 huenda takriban kilomita 500 kwa saa, hivyo hesabu kavu hutoa dakika 48. Lakini ratiba huanza kuhesabu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama tena, pamoja na kutambaa kuelekea njia ya kurukia, kupanda taratibu, na kuzunguka ili kutua dhidi ya upepo. Upepo wa mbele wa kilomita 50 kwa saa, peke yake, huongeza dakika 5 hivi.