Uji mchachu wa mtoto: uchachu hauleti kisichokuwemo kwenye unga

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mwanangu ana miezi 9 na ananyonya vizuri. Tangu afikishe miezi 6 nampa uji wa dona na ulezi uliochachushwa siku mbili. Naweka vijiko vinne vya chakula vya unga kwa nusu lita ya maji, naye anakunywa kikombe cha mililita 200 mara tatu kwa siku. Muuza unga wa lishe aliniambia kwamba uji ukichacha, protini na madini chuma huongezeka mara tatu, kwa hiyo mayai na samaki vinaweza kusubiri mpaka afikishe mwaka. Lakini uzito wake haujapanda kwa miezi miwili. Je, niongeze siku za kuchachusha? Na siku nikikosa muda, naweza kukamulia ndimu badala yake?

JIBU: Marahaba, mama. Usiongeze hata saa moja. Mtoto ambaye uzito wake umesimama miezi miwili apelekwe kliniki wiki hii, apimwe uzito, urefu na wingi wa damu, kwa sababu huenda kuna tatizo ambalo hakuna uji utakaolitibu. Ukishatoka huko, turudi kwenye sufuria yako.

Vijiko vinne vya unga ni gramu 40 hivi, nazo zina kilokalori zipatazo 140. Ukizitia kwenye nusu lita ya maji, kila gramu ya uji inabaki na robo ya kilokalori. Vikombe vitatu kwa siku vinampa mtoto kama kilokalori 160. Mtoto wa miezi 9 hadi 11 anayenyonya kawaida anahitaji karibu kilokalori 300 kutoka kwenye chakula, mbali na maziwa ya mama. Na huwezi kuliziba pengo hilo kwa kumwongezea kikombe kila mlo, kwa kuwa tumbo la mtoto hubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 7 amejaa kwenye mililita 210. Mwanao anashiba, ila anashiba maji.

Sasa hiyo "mara tatu", ambayo naisikia kila wiki na kila wiki inanikera. Bakteria wa uji mchachu hawatengenezi madini chuma. Kama dona ilikuwa na miligramu 2.7 katika gramu 100 kabla ya kulowekwa, ndizo hizo hizo zilizomo baada ya siku mbili. Protini nayo haizidi. Wanachokula bakteria ni wanga na sukari. Wakila gramu 5 za wanga katika gramu 100 za unga wenye gramu 9 za protini, zinabaki gramu 95 zenye protini ile ile 9. Ukipima kwa asilimia, protini imepanda kutoka 9 hadi karibu 9.5. Wauzaji wanaichukua asilimia hiyo, wanaivimbisha, wanaichapa kwenye pakiti. Mtoto hajaongezewa hata chembe.

Faida ya kweli ya kuchachusha ni kubwa, na ndiyo maana sikuambii uache. Nafaka na kunde zina fitati, kitu kinachokamata chuma na zinki tumboni hadi mwili unashindwa kuvifyonza. Nafaka hiyo hiyo inabeba kimeng'enya kiitwacho fitesi, kinachovunja fitati, lakini kinaamka tu kwenye unyevu na asidi ya wastani. Bakteria wanapotoa asidi ya laktiki, pH (kipimo cha uchachu: ikishuka, uchachu umezidi) inashuka kutoka karibu 6, na ikipita kwenye 5 fitesi inafanya kazi yake vizuri zaidi. Asidi zenyewe pia husaidia chuma kufyonzwa. Protini ya mtama, ambayo ukiipika inakuwa ngumu kusagika tumboni, hulainika pia kwa kuchachushwa. Na pH ikifika chini ya 4.5, vijidudu vingi vya kuharisha vinashindwa kuzaliana.

Lakini hesabu lazima ifungwe. Mwanao anakula gramu 45 hivi za unga kwa siku, zenye chuma kama miligramu 1.2. Hata tukisema ufyonzaji umepanda kutoka asilimia 5 hadi 15, anaingiza chini ya miligramu 0.2, wakati mwili wake unahitaji kufyonza kama 0.7 au zaidi kila siku. Maziwa ya mama yana chuma kidogo sana, na akiba aliyozaliwa nayo huanza kwisha kwenye miezi 6. Kwa hiyo mayai, samaki, nyama au maini vianze leo, vikiwa vimepondwa laini. Familia isiyokula vya wanyama kabisa izungumze na kliniki kuhusu nyongeza ya chuma na vitamini B12. B12 haimo kwenye nafaka wala kunde, na bakteria wa uji si chanzo cha kutegemea, hata pakiti iseme nini.

Kuhusu ndimu: fitesi inahitaji saa nyingi kwenye tope la unga mbichi. Uji uliopikwa kisha ukakamuliwa ndimu umekuwa mchachu mdomoni tu. Kimeng'enya kilikufa kwenye moto na fitati ziko pale pale. Ndimu ina faida yake nyingine, kwani vitamini C husaidia chuma kufyonzwa, kwa hiyo matone kadhaa kwenye uji uliopoa ni sawa. Usiihesabu kuwa ni kuchachusha. Siki haina hata hiyo vitamini.

Ule unga wa nafaka zilizokaangwa kwanza "ili unukie" una kasoro hiyo hiyo. Kukaanga kunaua fitesi. Unaweza kuuchachusha wiki nzima, utapata asidi bila kuvunja fitati za kutosha. Nafaka ya kuchachusha iwe mbichi, au angalau uchanganye kimea kibichi (nafaka iliyooteshwa) ndani yake. Mtama mwekundu wenye tanini (kitu kikali kilichomo kwenye ganda lake) ukobolewe, la sivyo tanini itaizuia fitesi na kukamata chuma.

Namna ya kupika sasa. Chukua gramu 60 za unga wa nafaka, gramu 20 za unga wa soya au kunde, na kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea. Soya iwe imechemshwa ikiwa nzima kwa dakika 30, ikamenywa, ikakaushwa ndipo ikasagwa. Soya mbichi ina vizuizi vya kusaga protini ambavyo huwezi kutegemea uchachu uviondoe. Koroga kwenye mililita 200 za maji yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko viwili vya tope la jana lililochacha vizuri, funika, weka penye joto la nyuzi 25 hadi 30 kwa saa 24. Bila tope la jana, mara ya kwanza inaweza kuchukua saa 48. Usimwage maji ya juu: vitamini B na madini yaliyofunguliwa yamo humo, na wengi wanayamwaga kila siku wakidhani wanasafisha.

Pika kwa kuongeza mililita 200 za maji, moto mdogo mwanzoni. Kati ya nyuzi 60 na 70 wanga unaanza kuvimba huku amilesi, kimeng'enya cha kimea, ikiwa bado hai. Inaukata wanga na uji unalegea bila kuongezewa maji. Kaa hapo dakika kumi ukikoroga, kisha chemsha kabisa dakika kumi nyingine. Hatua hiyo ya mwisho usiiruke, kwa kuwa kimea huota kwenye unyevu na hubeba vijidudu vingi. Kama ni kimea cha mtama, sugua mizizi na machipukizi yote uyatupe kabla ya kusaga, maana ndiyo yenye kemikali inayotoa sumu ya sianidi. Ulezi hauna shida hiyo. Ukiepua, tia vijiko viwili vya chai vya mafuta. Hapo umefika karibu kilokalori 0.8 kwa gramu, mara tatu ya uji wako wa sasa, na huo ndio "mara tatu" ninaoukubali.

Na hapa ndipo siku nyingi zinapoharibu: amilesi hudhoofika pH ikishuka sana. Tope la siku tatu linakikaba kimea, uji unagoma kulegea, mama anaongeza maji, tunarudi kwenye robo ya kilokalori. Mtoto naye anaukataa kwa ukali wake, halafu anatiwa sukari.

Wauzaji wana dai lingine: uchachu unaua kila kitu, uji unaweza kukaa mezani kutwa. Hapana. Asidi huzuia vijidudu vingi kuzaliana, lakini sumu ambayo bakteria fulani walikwisha kuitoa kabla pH haijashuka haiondoki kwa uchachu wala kwa kuchemsha. Tope likiota ukungu, likiwa na utelezi au likinuka kuoza badala ya kunuka uchachu safi, litupwe lote pamoja na kianzio chake. Uji uliopikwa uliwe ndani ya saa mbili.

Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka na karanga, ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu haionekani. Mahindi na karanga zilizovunda, ukizichachusha na kuzichemsha, sumu hupungua kidogo au haipungui kabisa. Chambua punje kabla ya kusaga, tupa zilizobadilika rangi, zilizosinyaa na zilizovunjika. Unga wa mchanganyiko wa nafaka kumi na mbili pamoja na karanga, uliokwisha kusagwa, hauwezi kuchambuliwa na mtu yeyote. Kama muuzaji hana cheti cha kipimo cha sumukuvu cha shehena hiyo, mwachie unga wake.