Usukani wa alumini: maswali yenu

Wiki mbili zilizopita niliwaonyesha usukani niliousubu mwenyewe, yaani niliyeyusha alumini na kuimimina kwenye kalibu ya mchanga, nyuma ya nyumba, hapa Arusha, kwa ajili ya pikapu kuukuu ninayoikata na kuiunga upya. Wamarekani wana jina la gari la namna hiyo, hotrodi. Miaka ya 1930 vijana wa California walichukua Ford chakavu, wakang'oa madigadi, wakaichokonoa injini, kisha wakaenda kushindana kwenye maziwa makavu ya jangwani. Mimi sina jangwa, nina barabara ya vumbi tu. Maswali yenu yamejaa simu, najibu haya machache.

Fundi, shikamoo. Nimekusanya gunia zima la makopo ya soda. Yatatosha usukani mmoja? (Kijana wa Ngarenaro)

Marahaba. Yatatosha kukupa taka. Kopo ni jembamba kama karatasi na limepakwa rangi, kwa hiyo sehemu kubwa inaweza kuungua na kuwa taka badala ya kuyeyuka. Halafu alumini yake imetengenezwa kwa kukandamizwa iwe bati, haikukusudiwa kumiminwa. Nenda kwa watu wa skrepa utafute rimu ya sport iliyopasuka. Rimu nyingi za aina hiyo zina silikoni kama asilimia 7, na silikoni ndiyo inayoifanya alumini itiririke hadi kwenye pembe za kalibu. Usukani wa kipenyo cha mm 380, wenye mzingo (lile duara la kushika) wa unene wa mm 25 na mikono mitatu, unakula kilo mbili hivi. Yeyusha nne, kwa sababu mdomo wa kumiminia na kisima cha akiba, shimo linaloongezea alumini usukani unapoganda, navyo vinataka chao. Rimu moja inakutosha na chenji inabaki.

Je, mlango wa Land Rover ya zamani? Si ni alumini ile? (Chalii wa Sakina)

Ni alumini, ndiyo. Land Rover ilipoanza mwaka 1948 chuma kilikuwa kinatolewa kwa mgawo Uingereza, wakaamua kutengeneza bodi kwa alumini iliyochanganywa na magnesi. Mchanganyiko huo ni mzuri kwa kukunja na kugonga, lakini kwa kusubu unatoa utando mwingi, zile taka zinazoelea juu, na hautiririki vizuri. Hiyo ndiyo sababu ya kiufundi. Ya pili ni yangu binafsi: baada ya tamasha la Land Rover lililoujaza mji huu magari hayo Oktoba 2024, mtu anayetaka kuyeyusha mlango mzima anahitaji kukalishwa na wazee.

Nilichonga kiolezo cha mbao cha kukandamiza mchangani, mm 380 kamili. Usukani umetoka mm 375. Nimekosea wapi? (Msomaji wa Pasua, Moshi)

Hujakosea kuchonga, umesahau kwamba alumini ikipoa inasinyaa. Weka nyongeza ya asilimia 1.3 hivi, yaani chonga mm 385 upate 380. Pembeni mwa kiolezo pawe na mteremko kidogo ili kitoke mchangani bila kubomoa kuta, na ukipige msasa hadi kidole kiteleze, maana mchanga unanakili hata mkwaruzo wa kucha.

Juu usukani ni safi, ila nilipoukata mkono mmoja nikakuta vitundu kama vya mkate. Mchanga wangu una shida? (Fundi wa Kijenge)

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu vitundu hivyo vilinivunjia usukani wangu wa kwanza. Uling'aa nikauonea fahari. Ukaniponyoka mkononi, ukaanguka sakafuni kutoka usawa wa kiuno, mkono mmoja ukakatika kama biskuti. Nilipotazama pale ulipokatikia, ndani palikuwa pa kijivu chenye vidoti vyeusi, vingine vidogo kama mbegu za nyanya chungu.

Vitundu vya duara, laini ndani, ni gesi ya haidrojeni. Alumini iliyoyeyuka inainyonya haidrojeni kutoka kwenye unyevu popote ulipo, kwenye mkaa, kwenye skrepa yenye mafuta, hata kwenye fimbo ya kukorogea, kisha ikianza kuganda inaitema ile gesi. Mimi nilisubu mwezi wa nne, masika yamepamba moto, mkaa umelala nje. Siku hizi mkaa unakaa ndani, na skrepa naiosha, naikausha, halafu naipasha moto kandokando ya tanuru kabla haijaingia chunguni. Usiipike sana pia. Alumini inayeyuka nyuzi 660, ukifika 720 au 740 inatosha, toa utando na mimina. Usingoje iwe nyekundu, mchana wa jua itabaki nyeupe kama maziwa hata ikiwa imepitiliza. Nunua kipimajoto cha waya.

Vitundu vyenye kingo za kuparuza, vilivyo pale mkono unapoungana na mzingo, ni habari nyingine. Hapo ni panene, panaganda mwisho, na pakikosa alumini ya kuongezea panajivuta wenyewe. Weka kisima cha akiba juu yake, kiwe kinene kuliko hapo ili kigande baadaye.

Na mchanga: ufumbate ngumini, kisha ufungue. Ukiacha alama za vidole na ukikatika katikati kwa kingo kali, unafaa. Ukishikamana na kiganja, umezidi maji.

Mume wangu anayeyushia kwenye veranda ya sementi, watoto wanamzunguka. Ni salama? (Dada wa Boma Ng'ombe)

Hapana, dada. Sementi ina maji ndani yake hata ikionekana kavu. Alumini ikimwagikia juu yake, yale maji yanageuka mvuke ghafla na vipande vinaruka. Ahamie kwenye ardhi, atandaze mchanga mkavu kabisa, avae buti za ngozi na suruali ndefu inayofunika mdomo wa buti. Ndoo ya maji isikae karibu, ya mchanga ikae. Watoto waingie ndani.

Nataka kusubu usukani mzima pamoja na tundu lenye meno la kuingilia kwenye shafti. Nitumie nini kupata meno? (Mdau wa Majengo, Moshi)

Usitumie kitu, acha kabisa. Mzingo ukiwa na kasoro utakukwaruza kiganja, lakini meno ya alumini ya kusubu yakilika unazungusha usukani na matairi yanaendelea na safari yao. Chukua usukani wa zamani wa gari hilohilo, ukate ubaki na kitovu chake cha chuma, upeleke kwa mkerezaji akichomelee sahani ya chuma na kuinyoosha. Usukani wako uwe na bamba bapa katikati, ufungwe hapo kwa boliti sita. Matundu yakipangwa kwenye duara la mm 70, kama sukani nyingi za Momo, kampuni ya Italia, siku ukichoka na wako utafunga wa dukani.

Kabla ya kufunga, paka usukani mafuta ya taa, subiri robo saa, futa ukauke, kisha upake unga wa chaki. Penye ufa mafuta yatapanda na kuchora mstari. Ukiuona mstari, rudisha usukani tanuruni.

Gari langu lina eabegi, ule mfuko wa hewa wa kukukinga ukigonga. (Msomaji wa Njiro)

Basi baki na usukani wako, mfuko huo umo ndani yake.

Utanisubia mmoja kwa shilingi ngapi? (Wengi)

Sukani sisubu za kuuza. Ukitaka ua la alumini la kupamba geti, njoo Jumamosi na rimu yako, na mkaa uwe mkavu.