Uliza Mvuvi: Vyelezo gani vinahimili kapi wakubwa pembeni mwa bwawa?

SWALI: Habari za kazi kaka mvuvi. Mimi niko Northampton huku Uingereza, tangu nihamie nimepata ugonjwa wa kuvua, Jumamosi nisipokuwa na shifti utanikuta kwenye mabwawa ya kulipia. Natumia ile fimbo ndefu isiyo na rili, ya kuunganisha vipande, yenye lastiki ndani. Jioni wale samaki kapi (carp) wakubwa wanasogea ukingoni kabisa kwenye matete, maji hayazidi goti. Nawapata sikatai, ila vyelezo, yaani floats, vinanimaliza! Nikitoa wawili watatu tayari ncha imekatika au kile kiringi cha ubavuni cha kupitishia mshipi kimechomoka, na hivi vya balsa, ule mti mwepesi, kimoja pauni mbili na kitu. Nikaambiwa ninunue vikubwa ndo vinadumu, nimenunua, vimevunjika vilevile. Nifanyeje? – Baba Nasra

JIBU: Salama kabisa Baba Nasra, na huo ugonjwa hauna dawa, pole. Aliyekwambia ununue vikubwa kakupoteza. Ukubwa wa chelezo unakwambia kinabeba uzito gani, basi, kuhusu uimara hausemi kitu. Chelezo kinene ambacho kiringi chake kimechomekwa kwa tone la gundi kitang'oka tu kama kile chembamba, na pengine mapema zaidi maana kinakamata matete zaidi.

Tuangalie kwanza kinachotokea pale. Kapi wa kilo tano sita akinaswa kwenye maji ya nusu mita hawezi kukimbilia chini maana chini hakuna, na upande mmoja kuna udongo, kwaiyo anaondoka sambamba na ukingo kama bodaboda iliyoona trafiki. Chelezo kiko nusu mita tu juu ya ndoana, popote anapopita yeye nacho kinapita, kwenye matete, kwenye mbao za jukwaa, kwenye mawe, halafu mwisho unakigonga wewe mwenyewe kwenye fremu ya wavu wa kumnyanyulia. Na muda wote huo mshipi umekaza unavuta kile kiringi kwa pembeni, na pezi la mgongoni la huyo kapi, kumbuka, mbele lina mwiba wenye meno meno unaosugua kila kitu. Hakuna balsa itakayopenda hayo maisha.

Kwaiyo mimi nikiingia dukani cha kwanza naangalia MSHIPI UNAPITA WAPI. Rangi baadaye, bei baadaye. Kuna vyelezo ambavyo mshipi unapita katikati ya mwili wenyewe, unaingia juu karibu na shina la ncha unatokea chini, hivi kwa kapi wa ukingoni ndo vyangu, maana samaki akivuta hakuna kiringi cha kung'oka, mwili mzima unabanwa sawasawa. Ukivikosa chukua vyenye kiringi lakini kile ambacho waya wake umezama ndani ya mwili, sio kipini kilichochomekwa juu juu. Utajuaje? Shika kiringi kwa kucha mbili jaribu kukizungusha taratibu. Kikicheza hata kidogo, au ukiona rangi imepasuka kimstari kukizunguka, kirudishe kwenye kabati mzee, maana kwenye huo ufa ndo maji yataingia na balsa ikishalowa ndani chelezo kinaanza kuzama chenyewe na wewe unabaki kudhani samaki anakula.

Cha pili ni mguu, ule mti mwembamba wa chini. Hapa watu wanabishana sana. Waya unasimamisha chelezo haraka lakini ukipinda umepinda, unakaa hivyohivyo hadi ukitupe. Kaboni ni nyepesi na ngumu ila ikigonga fremu ya wavu inaweza kukatika pwaa. Fibaglasi inapinda halafu inarudi, na kwa kazi hii ya fujo nachagua fibaglasi bila kufikiri mara mbili. Zuri zaidi ni kile ambacho mguu na ncha vimeshikana kupitia ndani ya mwili, yaani kuna uti wa mgongo kuanzia juu mpaka chini, sio vipande vitatu vilivyobandikwa.

Ncha sasa. Nahisi wewe unatumia zile nyembamba nyembamba za kuvulia samaki wadogo ndo maana zinakatika. Chukua ncha ya plastiki yenye tundu ndani, unene milimita moja na nusu mpaka mbili. Inaonekana jioni, inabeba chambo kizito bila kuzama, na kuna faida nyingine ambayo wengi hawaijui: kapi wakija kundi ukingoni wanagusagusa mshipi kwa mapezi na matumbo, ncha nyembamba inazama kila wakigusa, wewe unanyanyua kwa nguvu, unamnasa ubavuni au mkiani. Samaki aliyenaswa mkia ndo mvunja vyelezo namba moja, humwongozi kokote, anakuburuta tu! Ncha nene inavumilia huko kuguswa. Subiri izame na ikae huko huko, kisha nyanyua fimbo kawaida, lastiki itafanya yaliyobaki.

Mwili wa balsa au wa foam ngumu? Foam haisumbuki na maji hata ikichubuka, balsa ikichubuka inakunywa. Tukiacha hapo tofauti ni ndogo kuliko matangazo yanavyosema. Kama tayari unavyo vya balsa usitupe, vipake tabaka mbili za vanishi au hata rangi ya kucha ile ya wazi isiyo na rangi (omba kwanza nyumbani, usichukue kimyakimya), acha vikauke vizuri, kisha loweka kimoja kwenye glasi ya maji usiku mzima kikiwa na risasi zake, vile vitone vya uzito vinavyobanwa kwenye mshipi. Asubuhi kama ncha imesimama palepale kilikuwa kizima, kama imeshuka kina ufa mahali.

Saizi: kwa maji ya nusu mita yaliyotulia gramu 0.2 mpaka 0.3 zinatosha, upepo ukiwepo panda kidogo. Kwenye vyelezo vingi utaona maandishi kama 4x12, ambayo kwa kawaida ni karibu gramu 0.2 ila kila kampuni na vipimo vyake, kwaiyo pima mwenyewe kwenye ndoo. Risasi namba 10 moja ina gramu 0.04, tano ni 0.2, zibane pamoja juu kidogo ya fundo linalounganisha mshipi mkuu na kile kipande cha mshipi wa ndoana ili chambo kishuke moja kwa moja na kitulie. Na uwe makini na sheria, huko Uingereza tangu 1987 uzito wa madini ya risasi unaozidi gramu 0.06 (ndio namba 8 hiyo) mpaka gramu 28.35 umepigwa marufuku kwa sababu mabata swani walikuwa wanazimeza na kufa kwa sumu, vidogo kuanzia namba 8 bado ruksa (namba ikipanda uzito unapungua). Dukani watakupa mbadala usio na sumu.

Kufunga nako kuna mambo yake. Weka vipande vitatu vya mpira wa silikoni vya kubana mshipi kwenye mguu, cha mwisho kitokeze milimita mbili tatu kupita mwisho wa mguu, hapo mshipi haujizungushi na ukigonga jiwe mpira ndo unapigwa badala ya mguu. Mshipi mkuu uwe na unene wa milimita 0.19 au 0.21, wa ndoana upungue kidogo ili ikibidi kukatika ukatike chini. Tafadhali usiwahi kukigundisha chelezo kwenye mshipi au kukipigia fundo eti kisitembee. Mshipi ukikatikia juu samaki anaondoka na mzigo wote, silikoni inateleza na ndoana isiyo na mwiba inatoka, gundi haitoki. Mabwawa mengi yanalazimisha hizo ndoana zisizo na mwiba, soma kibao getini.

Halafu punguza mateso yenyewe. Usivulie ndani ya matete, vulia mita moja mbili pembeni ambapo sakafu ni bapa, pima kina kwa chubwi mpaka upate pale panapolingana na kwenye ukingo penyewe. Chambo chochote wanachokula hapo, mahindi matamu ya kopo, peleti (vidonge vya chakula cha samaki), funza waliokufa. Wenzako watakusifia nyama ya kopo, nyingi ni nguruwe, kama hutaki kuishika mahindi hayajawahi kuniangusha. Na samaki akifika wavuni tazama chelezo kiko wapi kabla hujanyanyua, vingi vinafia hapo hapo.

SWALI: Sasa bro, mimi niko Naivasha navua na rod na reel pembeni ya ziwa. Kapi ni wengi ile mbaya lakini hizo floats za maana sizioni kwa maduka ya huku. Natumia kipande cha ndala, uzi unakikata kila siku. Mzee mmoja ananiambia nitafute mwiba wa nungunungu ati haufi. Ni poa? – Kevo

JIBU: Poa Kevo. Mzee hajakosea kuhusu uimara, ule mwiba ni mgumu, mwepesi na hauingizi maji. Ila Kenya sehemu ya mnyama wa porini bila kibali ni kesi chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013, usijitafutie maneno kwa sababu ya float.

Ndala yako ni material safi sana, haili maji. Shida ni uzi kugusa sponji moja kwa moja. Kata umbo la sigara, urefu wa kidole, pasha spoku moto utoboe katikati, kisha pitisha ule mrija wa plastiki wenye tundu, kama wa kijiti cha masikio (angalia usiwe wa karatasi), kata vichwa vya pamba, bandika kwa gundi kali. Uzi upite ndani ya mrija. Hiyo ndo teknolojia ileile ninayompa Baba Nasra hapo juu, tofauti yake wewe hujalipa kitu. Funga fundo dogo la uzi mwingine kwenye uzi wako, juu ya float, na shanga chini yake, na hapo utaweza kupanga kina unachotaka. Gundi mrija kwenye ndala tu, uzi uachwe uteleze.

Hao kapi nao si wa asili hapo, waliingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuanza kujaa kwenye nyavu miaka michache baadaye, wanafukua tope kutafuta chakula kwaiyo ukiona maji yamechafuka na mapovu ukingoni hapo ndo penyewe. Lakini jioni ukingo huo huo ni njia ya kiboko akitoka kwenda kula. Float ya kung'aa isikufanye ukae hadi giza. Na mambo ya leseni pitia ofisi ya uvuvi kwanza.

SWALI: Assalaam alaykum. Mwanangu ana miaka 14, anataka kwenda kuvua na rafiki zake hapa Coventry. Ananiambia watoto hawahitaji leseni, ni kweli? – Mama Salim

JIBU: Waalaykum salaam mama. Hapana, amekuchezea kidogo huyo. Kuanzia miaka 13 England na Wales leseni ya fimbo ni lazima, ila kwa wa 13 mpaka 16 ni bure, unaichukua mtandaoni kwenye tovuti ya serikali. Chini ya 13 ndo hahitaji. Faini ya kukamatwa bila leseni inaweza kufika pauni 2,500. Leseni hiyo haimpi ruhusa ya kuingia bwawa la mtu, kule wanalipa tiketi ya siku, na mitoni hawaruhusiwi kuvua samaki kama kapi kuanzia tarehe 15 Machi mpaka 15 Juni, kwaiyo miezi hiyo wapeleke mabwawani, na waulize kwanza maana wengine nao wanafunga.