Achari ya mama na mlango wa rubani

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: je, ukaguzi mkali mipakani na kwenye viwanja vya ndege unazuia hatari kweli, au unatusumbua bure? Naona ukali peke yake hauzuii kitu. Kinachozuia ni umakini, na mara nyingi viwili hivyo havikai pamoja.

Mwaka jana nilimsindikiza mamangu, mwenye miaka 74, kwa dadangu ughaibuni. Kwenye kiwanja tulichobadilishia ndege alivuliwa viatu, mkongojo wake ukapitishwa kwenye mashine, naye akabaki ameshikilia ukingo wa meza, miguu inamtetemeka. Mkoba ukafunguliwa, ikatolewa chupa ya achari ya maembe aliyoitengeneza mwenyewe. "Mama, hii haipiti, imezidi mililita 100." "Mwanangu, ni achari." Ikatupwa.

Yule kijana simlaumu. Sheria ina sababu yake: Agosti 2006 polisi wa Uingereza waliwanasa watu waliopanga kulipua ndege za kwenda Marekani kwa vilipuzi vya majimaji vilivyotiwa kwenye chupa za vinywaji. Lakini angalieni walivyopatikana. Walikuwa wakifuatiliwa nyendo zao siku nyingi, wakakamatwa kabla hata mmoja wao hajafika kwenye foleni ya ukaguzi.

Sisi wa Mombasa tuliyaona haya kwa macho. Asubuhi ya tarehe 28 Novemba 2002, ndege ya Israel yenye zaidi ya watu 260 ilipaa kutoka kiwanja cha Moi, makombora mawili ya kufyatuliwa begani yakarushwa kuilenga. Yalikosa. Asubuhi hiyo hiyo gari lenye mabomu liliivamia hoteli moja huko Kikambala, kaskazini mwa Mombasa, wakauawa Wakenya 10, wakiwemo wacheza ngoma waliokuja kuwakaribisha wageni, na Waisraeli 3. Makombora yale hayakupita kwenye mashine yoyote. Yalitoka nje ya ua.

Na hatari ikitoka ndani? Februari 2016 bomu lilitoboa ubavu wa ndege ya shirika la Daallo iliyokuwa imetoka Mogadishu kwenda Djibouti. Ndege haikuwa imefika juu sana, rubani akarudi akatua salama, akafa aliyelibeba peke yake. Kamera zilionyesha alivyokabidhiwa kompyuta ya mkononi akiwa ameshavuka ukaguzi, na mmoja wa waliomkabidhi alivaa vesti ya wafanyakazi wa kiwanja.

Linaloniuma zaidi ni la yule baba wa Nigeria. Novemba 2009 alikwenda kwa miguu yake ubalozi wa Marekani, Abuja, kueleza hofu yake kwamba mwanawe ameingia kwenye itikadi kali. Mzazi kumripoti mtoto wake! Fikirieni alilalaje usiku ule. Jina likaandikwa, viza haikufutwa, na siku ya Krismasi mwana huyo, Umar Farouk Abdulmutallab, akapanda ndege Amsterdam kwenda Detroit, vilipuzi vimefichwa kwenye chupi. Havikulipuka vilivyokusudiwa, abiria wenzake wakamdhibiti. Baada ya hapo viwanja vingi vilinunua mashine za kupiga picha mwili mzima. Sizikatai. Lakini onyo lilikuwa limeshafika, tena na jina.

Mipakani ni vilevile. Ukikaza foleni ya Lunga Lunga, mpakani na Tanzania, anayesubiri ni mama mwenye mzigo wake wa biashara. Mwenye nia mbaya anazijua njia za panya.

Yapo yaliyofanya kazi. La kwanza ni mlango wa chumba cha rubani. Wengi tunaikumbuka ndege ya Ethiopia iliyokuwa inakuja Nairobi tarehe 23 Novemba 1996. Watu watatu waliingia chumba cha rubani, wakachukua shoka la humo, wakadai wana bomu. Ilikuwa chupa ya pombe. Wakataka kupelekwa Australia, mafuta yakaisha, ndege ikaanguka baharini karibu na ufuo wa Ngazija. Kati ya watu 175 walikufa 125. Siku hizi mlango ule ni wa kuzuia hata risasi na hufungwa kwa ndani, badiliko lililoenea duniani baada ya magaidi kuziteka ndege Marekani Septemba 2001. Una gharama yake, nakubali: Machi 2015 rubani msaidizi wa Germanwings, shirika la ndege la Ujerumani, alimfungia nje rubani mkuu akaiangusha ndege kwenye milima ya Ufaransa, wakafa 150. Hata hivyo mlango huo ningeuacha.

Kingine ni kuhakikisha hakuna mzigo unaosafiri bila mwenyewe. Bomu lililolipua ndege na kuua watu 270 Lockerbie, Scotland, mwaka 1988 lilikuwa ndani ya sanduku lisilo na abiria. Siku tuliporudi na mama, abiria mmoja hakutokea, na sanduku lake lilikuwa limeshapakiwa. Tulikaa kwenye joto karibu saa nzima, watu wananung'unika, mtoto analia nyuma yetu. Nilikuwa dirishani. Vijana wawili walikuwa wanashusha mizigo kutoka tumboni mwa ndege, wanasoma lebo, wanaweka kando, wanachukua mwingine. Mama akauliza kulikoni, nikamweleza. Akasema, "Basi waache walitafute," akalegeza viatu vyake, akafumba macho.