Kabla Farasi Hajachomwa Sindano ya Kutuliza, Hesabu Mapigo Yake

Farasi akishachomwa dawa ya kutuliza, watu hutazama kichwa. Kikishuka, midomo ikalegea na kope zikafumba nusu, tunasema dawa imekolea. Nimewashikia madaktari wa mifugo kamba kwa miaka mingi, na siku hizi kichwa ndicho ninachokitazama mwisho. Naanza na moyo, tena nauanza kabla bomba la sindano halijajazwa, kwa sababu dawa ikishaingia, dalili nyingi tulizozoea kuzitegemea hubadilika maana.

Farasi mzima aliyetulia moyo wake hupiga kati ya mara 28 na 44 kwa dakika. Weka vidole viwili (si dole gumba, lina mapigo yake) chini ya taya, pale ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) inapopita juu ya mfupa, uhesabu dakika nzima. Watu hupenda kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, lakini kwa mnyama mwenye mapigo ya polepole hivi, pigo moja ukilikosea umeshaongeza au kupunguza manne. Kisha inua mdomo, bonyeza ufizi, uachie. Rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde 2. Andika namba na saa. Mimi huandika kiganjani.

Dawa zinazotumika zaidi kumtuliza farasi ni zailazini, detomidini na romifidini, zote za ukoo mmoja. Zailazini iligunduliwa Ujerumani mwaka 1962 katika maabara za Bayer, na waliokuwa wakiitafuta walitaka dawa ya kushusha presha ya binadamu. Kwa hiyo hatupaswi kushangaa kwamba inaugusa moyo na mishipa. Ajabu yake ni kwamba huanza kwa kuipandisha presha hiyo. Ikichomwa kwenye vena (mshipa unaorudisha damu moyoni), ndani ya dakika chache mishipa midogo hujibana na shinikizo la damu hupanda. Mwili una vihisi vya shinikizo kwenye mishipa mikubwa ya shingo na kifua, navyo huuamuru moyo upunguze kasi. Hapo ndipo utakapohesabu 24, au hata chini ya 20. Baadaye kazi ya dawa ndani ya ubongo hutawala: neva zinazoihimiza mishipa na moyo hupoa, mishipa hulegea, na presha hushuka taratibu hadi kiwango cha kawaida au chini yake kidogo. Moyo wenyewe hubaki polepole.

Katika kipindi kile cha kwanza kipimo cha presha hudanganya. Mpira wa maji ukiubana kwa vidole, maji husukuma kwa nguvu zaidi lakini ndoo huchelewa kujaa. Ndivyo ilivyo hapa: namba ni nzuri, huku damu inayotoka moyoni kila dakika imepungua sana. Kwa farasi mwenye afya hilo halina shida, atalivumilia na dawa itaisha, zailazini kwa kama nusu saa, detomidini kwa saa moja hivi, romifidini zaidi kidogo. Kwa aliyeishiwa maji mwilini au mwenye ugonjwa wa moyo, habari ni nyingine.

Ukiweka stetoskopu utasikia jambo linalowatisha wageni: mapigo mawili au matatu, kisha kimya, kisha yanaendelea. Moyo wa farasi huruka pigo hata bila dawa akiwa amepumzika, na hali hiyo huondoka akianza kukimbia. Dawa hizi huiongeza. Sikuogopi kuruka huko ninakokutarajia. Nitakachomwambia daktari mara moja ni mapigo yasiyo na mpangilio wowote niliyoyasikia kabla ya sindano. Ufizi nao hupauka, maana mishipa imejibana, kwa hiyo usiutumie wakati huo kupima kama farasi amepoteza damu.

Asepromazini, nayo dawa ya kutuliza, ni ya ukoo mwingine, na huenda upande wa pili kabisa. Huzuia ujumbe unaoiambia mishipa ijibane, hivyo mishipa hufunguka na presha hushuka tangu mwanzo, bila kupanda kwanza. Wamiliki wengi huiita dawa nyepesi kwa sababu farasi anabaki anatembea vizuri na anaonekana mchangamfu kiasi. Mimi siiiti nyepesi. Mpe farasi aliyevuja damu nyingi, aliyeharisha siku mbili au aliyechoka kwa joto, uone: mwili wake ulikuwa ukiishikilia presha kwa kuibana mishipa tu, na wewe umeifungua. Anaweza kuanguka pale pale. Haina dawa ya kuitengua, na inakaa saa 4 hadi 6 au zaidi. Tena mtu akikimbilia adrenalini ili kumwinua, presha inaweza kushuka zaidi, kwa kuwa njia ambayo adrenalini huitumia kuibana mishipa imefungwa na ile inayoifungua bado iko wazi.

Bandama ya farasi pia hulegea kwa asepromazini na kuhifadhi chembe nyekundu nyingi. Damu ikichukuliwa kupimwa baada ya hapo, itaonekana pungufu kuliko ilivyo, kwa hiyo ichukuliwe kwanza. Farasi dume hushusha uume, na mara chache ukashindwa kurudi, ndiyo maana madaktari wengi huikwepa kwa madume wa kuzalisha. Na haiondoi maumivu hata kidogo.

Kosa ninaloliona mara nyingi kwa dawa zote hizi ni haraka. Farasi aliyekwisha kupandisha hofu, ambaye mwili wake umejaa adrenalini, hatulii kwa kipimo cha kawaida, na watu huongeza, halafu wanaongeza tena. Asepromazini yenyewe huchukua dakika 15 hadi 30 hata ikipita mshipani. Kipimo kikizidi, utulivu hauzidi sana, lakini mzigo kwenye moyo na mishipa hurefuka. Waondoe wenye kelele, ondoa mbwa, acha kumpigapiga shingo, subiri. Daktari akitaka kuongeza nguvu, mara nyingi atachanganya na butofanoli, dawa ya maumivu, ambayo kwa vipimo vya kawaida huugusa moyo kidogo sana.

Msokoto wa tumbo ndio mahali ambapo ile namba ya kiganjani ina thamani kubwa. Mapigo yakizidi 60 kwa farasi anayejiviringisha, daktari anajua jambo ni zito na pengine anafikiria upasuaji. Ukimchoma zailazini kabla hajafika, mapigo yanashuka, maumivu yanafichika, utumbo wenyewe unapunguza mwendo, na yeye anakuta farasi mtulivu mwenye moyo wa polepole. Kama ilikuwa lazima kumtuliza ili asijiumize, basi daktari apigiwe simu kwanza, na akifika akute namba ya kabla, jina la dawa, kiasi na saa.

Mwambie pia dawa nyingine zote farasi anazotumia. Dawa za salfa (za kuua bakteria) zikichomwa mshipani kwa farasi aliyepewa detomidini zimewahi kuleta mvurugiko wa moyo unaoua. Kumchoma shingoni mwachie yeye: ateri inayokwenda kichwani imelala karibu sana na vena, na dawa ikiingia humo hufika kwenye ubongo moja kwa moja. Farasi anaweza kudondoka kwa degedege kabla sindano haijachomolewa.

Zailazini na jamaa zake zina dawa za kuzitengua, mfano atipamezoli, lakini sipendi kuona zikiombwa kwa sababu tu mtu ana haraka ya kuondoka. Farasi huamka ghafla, presha inaweza kuporomoka, na kama alikuwa na maumivu yanarudi yote kwa mpigo. Mwache azinduke mwenyewe kivulini. Atatoka jasho, atakojoa sana, yote ya kawaida. Usimpe nyasi wala pumba mpaka awe macho kabisa, kwa sababu kumeza kwake bado ni kuzito na chakula kitamkaba. Usipite nyuma yake pia. Kichwa kinaweza kuwa magotini na mguu wa nyuma ukakufikia kwa shabaha ileile.

Kuna detomidini ya jeli pia, inayowekwa chini ya ulimi na ambayo wamiliki huachiwa waitumie wenyewe. Vaa glavu zisizopitisha maji. Jeli hiyo hupenya kwenye ngozi, macho na mdomo wa mtu, na humfanyia yale yale: usingizi, moyo polepole, presha kuyumba. Ikikugusa, osha kwa maji mengi, vua nguo zilizoloa. Ikiwa umeimeza au umejichoma sindano, usiendeshe gari. Tafuta mtu akupeleke hospitali, na kopo la dawa mwende nalo.