Kaakaa la mjukuu wangu halikufungana: mkamwana ana kosa gani?

SWALI: Daktari, mkamwana wangu alijifungua mtoto wa kike wiki tatu zilizopita hapa Vihiga. Midomo yake haina kasoro, lakini ndani, kuanzia katikati ya kaakaa hadi nyuma, pana mwanya, na akinyonyeshwa maziwa humtoka puani. Jamaa wanasema ni kwa sababu mama yake aliteleza akitoka mtoni na mtungi wa maji, mimba ikiwa ya miezi saba. Wengine wanasema alikula vya mwiko. Mwanangu ameanza kumnunia mkewe. Je, ni kweli? Na mtoto huyu atazungumza? – Nyanya, Vihiga

JIBU: Nyanya, nianze na lile la kuteleza, kwa maana ndilo linalomtesa mtu asiye na hatia. Kaakaa la mwanadamu huwa limekwisha kufungana kufikia wiki ya 12 hivi tangu mimba kutungwa. Siku mkamwana wako alipoanguka na mtungi, mwanya huo ulikuwa na miezi kadhaa tayari.

Mnamo wiki ya 6, mdomo na pua za kiinitete bado ni chumba kimoja, na ulimi umekijaza. Kipande kidogo cha mbele, kinachobeba meno manne ya mbele ya juu, hutengenezwa mapema pamoja na mdomo wa juu, na kwa mjukuu wako hicho kilikamilika. Kaakaa lililobaki hutokana na vibamba viwili vya nyama vinavyochipuka pande mbili za taya la juu, ambavyo mwanzoni haviangaliani, bali vinaning'inia wima, kimoja kushoto na kingine kulia kwa ulimi. Taya la chini linaporefuka, ulimi hupata nafasi ya kushuka, na hapo, katika wiki ya 8 hivi, vibamba huinuka, hulala juu yake, kisha huungana kutoka mbele kwenda nyuma hadi kwenye kilimi. Pitisha ncha ya ulimi wako katikati ya kaakaa, utahisi mshono mwembamba: ndipo vyako vilipokutana. Ulimi ukichelewa kushuka, au vibamba vikiwa vifupi, mwanya hubaki. Kwa wasichana vibamba hukutana kwa kuchelewa kidogo kuliko kwa wavulana, na huenda ndiyo sababu mwanya wa kaakaa peke yake huwapata wao zaidi.

Kinachovuruga kazi hiyo huweza kuwa urithi, baadhi ya dawa za kifafa, sigara, pombe au kisukari cha mama, na mara nyingi hatupati sababu moja ya kunyooshea kidole. Chakula cha mwiko hakimo.

Kuhusu kuzungumza, simama mbele ya kioo, fungua kinywa, useme "aaa". Utaona kaakaa laini likipanda pamoja na kilimi. Kila tunapomeza, na kila tunapotamka p, b, t, k au s, misuli ya hapo huinuka na kuziba njia ya puani. Kwa mjukuu wako misuli hiyo haikukutana katikati, bali imejishikiza kwenye ukingo wa mfupa, kwa hiyo haiwezi kuziba. Mtoto asipotibiwa, atajitahidi kusema "baba", pumzi ipenye puani, nasi tusikie "mama". Msuli mwingine wa hapo hufungua mrija wa sikio la kati, ndiyo maana watoto hawa hupata maji masikioni, na masikio yake lazima yapimwe.

Upasuaji hurudisha misuli mahali pake, na kwa kawaida hufanywa mtoto akiwa na miezi 9 hadi 18, kabla maneno hayajazoea njia mbaya. Baadaye wengine huhitaji mtaalamu wa matamshi, na wengi huzungumza vizuri.

Kwa sasa hofu yangu ni uzito wake. Kunyonya kunahitaji kinywa kisichovuja hewa, naye hana, hivyo anaweza kukaa titini saa nzima na asishibe. Mama akamue maziwa, amkalishe mtoto wima, ampe kidogo kidogo kwa kikombe kidogo au chupa laini inayobinywa, amcheulishe mara kwa mara, na apimwe uzito kila wiki. Waende hospitali ya rufaa ya kaunti wiki hii wakaandikishwe kwa daktari wa upasuaji. Mwanao aandamane nao, amwombe daktari amwonyeshe mwanya huo kwa tochi na kumweleza ulianza lini.