Kwa wanaoanza kazi ya madai ya fidia za vita

Wadogo zangu mnaotoka Mlimani na kupangiwa meza katika ofisi zetu za Posta na Upanga, wengi wenu mnafika mkiwa mmeiva kwenye kanuni. Mnajua kwamba vifungu vya mwaka 2001 vya Tume ya Sheria ya Kimataifa vinaitaka dola iliyovunja wajibu wake irekebishe madhara yote iliyoyasababisha, iwe kwa kurejesha hali ya awali, kwa kulipa fidia au kwa kukiri kosa na kuomba radhi. Hayo ni ya lazima, lakini madai mengi hukwama kwingine: nani aliuawa, wapi, lini, na kwa mkono wa nani.

Someni kwa makini shauri la Kongo dhidi ya Uganda. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikwisha kuona mwaka 2005 kwamba Uganda ilivunja sheria ya kimataifa kwa vita ilivyopigana ndani ya Kongo, ila hukumu ya fidia ilitoka Februari 2022, na Kongo, iliyodai zaidi ya dola bilioni 11, ikapewa milioni 325. Ilidai raia 180,000 walikufa. Mahakama ikaona ushahidi unaelekea kwenye watu kati ya 10,000 na 15,000. Inaniuma kila ninapoirudia, kwa sababu kifo kisichoandikwa bado ni kifo. Angalieni pia suala la Ituri, eneo la kaskazini-mashariki mwa Kongo: kwa kuwa Uganda ililikalia eneo hilo kijeshi, ilikuwa juu yake kuonyesha kwamba dhara fulani halikutokana na uzembe wake, ilhali nje ya Ituri mzigo huo ulibaki kwa Kongo. Kwa hiyo ulizeni kwanza mahali, ndipo mjue mnatakiwa kuthibitisha nini.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nililetewa daftari la shule, jalada lake limelowa na kukauka, ambamo mzee mmoja aliyekimbia kutoka Kisangani, mji wa Kongo, alikuwa ameandika majina ya majirani waliouawa Juni 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipopigana siku sita ndani ya mji usio wao. Niliyanakili yote kwenye jedwali nikadhani nimemaliza. Mkuu wangu, mama mpole asiyeruka mstari, akaniuliza kwa nini majina tisa ya mwisho yana wino tofauti. Nilirudi kwa mzee Temeke, nikamwamkia, nikauliza. Akanieleza taratibu kwamba yale ya mwanzo aliyaandika jioni ya siku aliposhiriki kuwazika, na yale tisa aliambiwa na mjane mmoja miaka miwili baadaye, njiani.

Hatukuyafuta majina hayo tisa. Tuliyatenga, tukaandika yalikotoka, tukaanza kumtafuta mjane. Tangu hapo kila jedwali langu lina safu mbili zaidi baada ya jina la marehemu: nani amesema, na alijuaje.